Kuponi Zilizolala Kwenye Droo

Hadithi hii, wajukuu zangu, haina sungura wala fisi. Ina televisheni zenye chogo, ina waheshimiwa waliovaa tai, na ina kadi nyekundu za plastiki zaidi ya milioni 60. Ndege nao wamo, ila watakuja katikati, msiwe na haraka.

Inaanzia Wilmington, mji wa pwani katika jimbo la North Carolina, Marekani, tarehe 8 Septemba 2008. Jua limekaribia utosini. Mbele ya watu na kamera imesimamishwa swichi kubwa ya maonyesho, upande mmoja imeandikwa analojia na upande wa pili dijitali. Ilipotimu saa sita mchana, Meya wa mji, Bill Saffo, akaivuta. Pembeni alikuwapo Kevin Martin, mwenyekiti wa FCC, tume inayosimamia mawasiliano ya Marekani. Papo hapo, kwenye televisheni za zamani zilizotegemea antena, vipindi vya vituo vyote vya biashara vya mji huo vikatoweka, yakabaki maandishi tu: umebaki nyuma, tafuta king'amuzi.

Taifa zima lilikuwa limepangiwa kuhama miezi mitano baadaye, tarehe 17 Februari 2009. Wilmington ilijitolea kuonja kwanza ili wengine wajifunze. Ulikuwa ujasiri, maana siku mbili tu kabla dhoruba iliyoitwa Hanna ilikuwa imeingia nchi kavu karibu na hapo, na mtu wa pwani akikosa taarifa za dhoruba anaweza kukosa na nyumba. Ndiyo maana yale maandishi yaliachwa hewani kwa wiki kadhaa, na kituo cha televisheni cha umma kikaendelea na analojia kama kawaida, isije dhoruba nyingine ikawakuta watu gizani.

Sasa tukae vizuri tuelezane analojia ni nini, maana ninyi mmezaliwa imekwisha.

Katika analojia, picha ilibebwa na wimbi la redio jinsi ilivyo. Wimbi likiwa na nguvu, picha ilikuwa safi. Likidhoofika njiani kwa sababu ya mlima, ghorofa au umbali tu, picha ilijaa chenga, zile doti nyeupe na nyeusi zinazochezacheza. Hapo mtoto mmoja alitumwa nje kuzungusha antena, na wa ndani wakapaza sauti: "Hapo hapo! Usiguse!" Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi, na kwa kuwa nilikuwa nje, mpira wenyewe sikuuona.

Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, sifuri na moja nyingi ajabu, zikabanwa zisichukue nafasi kubwa, kisha ndizo zinazorushwa hewani. Mashine ya kupokea huzikusanya, hurekebisha zilizoharibika njiani na kuijenga picha upya. Ikipata za kutosha, picha inatoka safi kama ilivyoondoka kituoni. Zikipungua chini ya kiwango fulani, picha inakatika miraba miraba, inaganda, kisha giza. Kuona kwa shida, nusu chenga nusu picha, hakupo tena. Likumbukeni hili, litawaliza watu mbele ya safari.

Mtauliza, kama watu walikuwa wakiona, hata kwa chenga, kwa nini wasumbuliwe? Jibu liko kwenye masafa. Mawimbi ya hewani ni mali ya umma na hayaongezeki. Marekani hukipa kila kituo cha televisheni upana wa megahezi 6. Kwa analojia, upana huo ulibeba kipindi kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwa dijitali unabeba kadhaa. Kwa hiyo vituo vingeweza kusogezwa vikabanana, na masafa ya chaneli 52 hadi 69 yakabaki wazi. Sehemu yake walipewa polisi, zima moto na waokoaji, ambao tangu mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 ilijulikana wazi kwamba redio zao hazikutosha kuwasiliana. Sehemu kubwa iliyobaki ikapigwa mnada kwa kampuni za simu. Mnada ulimalizika Machi 2008, na serikali ikavuna karibu dola bilioni 19; walioondoka na fungu nono ni Verizon na AT&T. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba nchi ilihamia dijitali ili watu wapate picha nzuri, mwitikieni kwa adabu, kisha mwambieni aongeze na hesabu ya mnada.

Sheria iliyopanga siku ya kuzima ilitiwa saini mwanzoni mwa mwaka 2006. Kuanzia Machi 2007, kila televisheni mpya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au kuingizwa huko ililazimika kuwa na kipokezi cha dijitali ndani yake. Waliokuwa na kebo au dishi la setilaiti hawakuwa na wasiwasi, kampuni zao zingewamalizia kazi. Wasiwasi ulikuwa kwa wenye televisheni yenye chogo na antena juu ya paa, au zile za masikio mawili za kuweka juu ya seti. Wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo, wazee, wahamiaji wanaozungumza Kihispania, na watu wa vijijini ambako waya wa kebo haufiki.

Kwao dawa ilikuwa king'amuzi. Kisanduku hiki kinachomekwa waya wa antena upande mmoja; upande wa pili unatoka waya wa kwenda kwenye televisheni. Ndani yake tarakimu hugeuzwa kuwa picha ambayo seti kuukuu inaielewa. Mtumiaji aliiacha televisheni yake kwenye chaneli ya 3 au ya 4 siku zote, akawa anabadilisha vipindi kwa rimoti ya king'amuzi. Kila seti ilihitaji king'amuzi chake. Na mwenye deki ya kurekodi alipata kero ya ziada: king'amuzi kimoja hukamata kituo kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo alichokiangalia ndicho alichorekodi, labda anunue cha pili.

King'amuzi kiliuzwa dola 40 hadi 80. Bunge la Marekani likaona haya. Serikali inauza masafa kwa mabilioni, halafu bibi wa watu alipie kifaa kwa pensheni yake? Likatenga hadi dola bilioni 1.5, likaikabidhi kazi NTIA, chombo kilicho chini ya Wizara ya Biashara. Kuanzia tarehe 1 Januari 2008 kila kaya iliweza kuomba kuponi mbili, kila moja ya thamani ya dola 40. Kuponi zilikuja kwa posta: kadi za plastiki, nyekundu, unaingia nazo dukani kama kadi ya benki. Kuponi moja kwa king'amuzi kimoja. Huwezi kuunganisha mbili ukanunua kimoja cha bei. Na kila kuponi iliishi siku 90 tangu ilipotumwa. Zikipita, inabaki plastiki.

Hapo sasa ndipo hadithi yenyewe ilipo, sogeeni karibu.

Serikali ilitakiwa kubashiri jambo linaloonekana dogo: watu wangapi watataka ving'amuzi? Kila aliyehesabu alitoka na namba yake. Wakaguzi wa Bunge walikuwa wamekadiria mwaka 2005 kwamba kaya milioni 21 hivi zilitegemea antena peke yake. Wengine baadaye wakaja na milioni kumi na kitu. Lakini hata ukizijua kaya, hujajua seti. Kaya yenye kebo sebuleni inaweza kuwa na televisheni ndogo jikoni inayotumia antena. Je, mwenyewe ataihangaikia? Na mwanzoni, hata mwenye kebo aliruhusiwa kuomba. Kwa hiyo waliomba waliohitaji, wakaomba na waliojisemea: kitu cha bure, nichukue tu, huenda kikafaa.

Wale wa mwanzo kabisa ndio walioumia kwanza. Walipiga simu Januari 2008 kwa hamu. Kuponi zao zikaanza kutumwa Februari, wakati maduka mengi bado yalikuwa na aina chache za ving'amuzi, na mengine hayana kabisa. Mtu alikwenda dukani akaambiwa rudi mwezi ujao. Mwezi ujao naye alikuwa na mambo yake. Kufikia mwisho wa Mei, zile siku 90 zikaisha. Na kanuni ilikuwa kali: kaya iliyokwisha kutumiwa kuponi zake mbili haikuruhusiwa kuomba tena. Kwa kawaida tunawafundisha watoto kwamba awahiye hupata. Hapa aliyewahi aliambulia plastiki.

Kuponi nyingine zililala kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa na funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Mwenye nayo alijua tarehe ya kuzima iko mbali. Serikali haikuwa imenyamaza, matangazo yalikuwa kila mahali. FCC ilifikia hata kulipa dola 350,000 ili ujumbe wa dijitali ubandikwe kwenye gari la mashindano ya NASCAR, msimu wa vuli mwaka 2008. Mimi fedha hizo ningewapa vijana wa mitaa wenye bisibisi, lakini sikuulizwa.

Turudi kidogo Wilmington, maana kule kulikuwa na somo ambalo hawakulisikiliza vizuri. Ile siku ya swichi watu wengi walikuwa wanajua kabisa kwamba analojia inazimwa. Matangazo yalikuwa yamewafikia. Bado simu ziliingia kwa mamia. Wengine walikuwa na king'amuzi ila hawakujua namna ya kukiamuru kitafute chaneli. Wengine walikuwa na kila kitu, na bado hawakupata picha. Kituo cha WECT, kwa mfano, kilikuwa kimerusha analojia kwenye chaneli ya 6 kutoka kwenye mnara mrefu sana, mawimbi yakifika mbali nje ya eneo lake. Dijitali yake haikufika kote huko. Watu wa pembezoni waliokuwa wamezoea kukiona kwa chenga kidogo wakajikuta hawakioni kabisa. Yale niliyowaambia ya kuganda na giza ndiyo hayo. King'amuzi wanacho, kuponi waliitumia, na giza liko pale pale.

Mwaka ukaelekea ukingoni. Desemba 2008 maombi ya kuponi yakaja kwa kasi, kwa kuwa binadamu ndivyo tulivyo: mtihani ukibakiza wiki mbili ndipo tunatafuta daftari. Na tarehe 4 Januari 2009, wiki sita kabla ya siku ya kuzima, mfuko ukafika kikomo. Kuanzia hapo aliyeomba aliandikwa jina kwenye orodha ya kungoja.

Fedha zilikuwa zimekwisha? Hapana, na hapa nataka mnisikilize vizuri.

Fikirini harusi. Wamealikwa watu 300, kila mmoja ana kadi, na pilau imepikwa ya watu 300. Wamefika 150. Mlangoni wamesimama jamaa 50 wenye njaa, wasio na kadi. Msimamizi anawaambia chakula kimekwisha, na hasemi uongo kwa hesabu yake, kwa sababu kila sahani ina jina la mtu. Ila sahani zenyewe zipo, zinapoa mezani, zikiwangoja wenye kadi waliokwenda kwenye harusi nyingine.

Sheria ya fedha ya Marekani inakataza idara kuahidi fedha isiyokuwa nayo. Kila kuponi iliyotumwa ilikuwa ahadi ya dola 40, itumike isitumike. Baada ya kutoa gharama za uendeshaji, zilikuwapo dola bilioni 1.34 za kuponi, yaani nafasi ya kuponi milioni 33.5 kwa wakati mmoja. Kuponi ikitumika, dola 40 zimekwenda. Ikilala kwenye droo, dola 40 zimefungwa hadi siku ya 90. Ni pale tu ilipokufa ndipo fedha yake ilipofunguka na kumwendea wa kwanza kwenye foleni. Na kwa kuwa karibu nusu ya kuponi zilizotumwa hazikutumika, sehemu kubwa ya "uhaba" ule ilikuwa imelala majumbani mwa watu ambao wala hawakuwa na shida.

Foleni ikapita kuponi milioni 3. Waliojipanga humo ndio hasa waliokuwa wamebaki: aliyechelewa kusikia, asiyejua Kiingereza, mzee aliyengoja mjukuu aje amsaidie. Aliyekuwa na kebo na tahadhari nyingi alikuwa ameshapata zake tangu Machi ya mwaka uliotangulia.

Niliwaahidi ndege, na hawa hapa. Wakati bara linagombana, visiwa vya Hawaii vilizima analojia yao mapema, tarehe 15 Januari 2009. Sababu ilikuwa ndege wa baharini ambaye wenyeji humwita uaʻu. Huchimba mashimo ya kutagia kwenye miteremko ya Haleakalā, mlima wa volkano katika kisiwa cha Maui, karibu na ilipokuwa minara ya zamani ya televisheni. Ni ndege aliye hatarini kutoweka. Minara ilipaswa kung'olewa, na kama wangengoja hadi Februari, mafundi wangewakuta ndege wanarudi kwenye mashimo yao. Basi jimbo zima likahamishia televisheni zake dijitali kwa kalenda ya ndege. Katika hadithi yote hii ndio pekee ambao mahitaji yao yalikadiriwa kwa usahihi.

Washington nako, Januari hiyo hiyo, Barack Obama alikuwa anajiandaa kuapishwa. John Podesta, aliyeongoza timu yake ya kupokea madaraka, akaliandikia Bunge kuomba siku ya kuzima isogezwe. Seneti ikakubali bila kupingwa. Katika Baraza la Wawakilishi, jaribio la kwanza tarehe 28 Januari lilikwama, kwa kuwa lilihitaji theluthi mbili na hazikufika. Waliopinga walikuwa na hoja yao: kwa miaka mitatu watu wameambiwa 17 Februari, ukibadilisha leo nani atakuamini kesho? Na vituo vilikuwa vinalipia umeme wa mitambo miwili, wa analojia na wa dijitali, kila siku iendayo kwa Mungu. Tarehe 4 Februari sheria ikapita kwa kura 264 dhidi ya 158, Obama akaisaini tarehe 11, siku sita kabla ya ile siku yenyewe. Tarehe mpya: 12 Juni 2009. Sheria hiyo pia iliwaruhusu wale waliofiwa na kuponi zao kuomba upya. Wiki iliyofuata, kwenye fungu kubwa la kuinua uchumi, zikaongezwa dola milioni 650 kwa ajili ya mpango huu. Mwezi Machi foleni ikaisha.

Mimi nadhani kuahirisha kulikuwa sawa, ingawa hoja ya wapinzani haikuwa ya kipuuzi. Kampuni ya Nielsen, inayopima watazamaji, ilikuwa imeona mwanzoni mwa Februari kwamba nyumba milioni 5.8 zilikuwa hazijajiandaa kabisa. Huwezi kuzizimia televisheni nyumba milioni 5.8 na huku kuponi za kuzisaidia zimo kwenye droo za watu wengine.

Nielsen waligundua na jambo lingine, na hili nawapa ninyi vijana mkalitafakari. Kila mtu aliwahofia wazee. Kumbe nyumba zilizoongozwa na watu wa miaka 55 na zaidi zilikuwa zimejiandaa vizuri kuliko za vijana wa chini ya miaka 35! Mnaotucheka tukishika simu kwa kidole kimoja, hiyo ndiyo takwimu.

Vituo 421 havikungoja. Vilizima tarehe 17 Februari kama vilivyopanga, vingi vyao vikikimbia bili ya umeme. Vilivyobaki vikaenda hadi Juni. Safari hii FCC ilikuwa imejifunza: wahudumu wa simu kwa maelfu, mafundi na watu wa kujitolea wa AmeriCorps waliotumwa majumbani kufunga ving'amuzi, hata wazima moto katika baadhi ya miji. Bisibisi zikafika mitaani, hatimaye.

Ijumaa ya tarehe 12 Juni 2009 kituo cha simu cha FCC kilipokea simu 317,450. Mngetegemea kwamba wengi waliuliza wapate wapi king'amuzi. Lakini karibu theluthi moja walikuwa nacho tayari, kimefungwa na kinawaka, ila chaneli zimepotea. Usiku na mchana ule vituo vingi vilikuwa vimehama masafa, na king'amuzi kinakumbuka anwani za zamani mpaka kiambiwe kitafute upya. Wengi wao walielekezwa waingie kwenye menyu, wabonyeze kutafuta chaneli, wakapona. Zaidi ya simu 20 katika kila 100 zilihusu mawimbi kutofika. Philadelphia kituo cha WPVI na Chicago kituo cha WLS vilibaki kwenye chaneli za chini, ya 6 na ya 7, ambazo mawimbi yake ni marefu na hayakamatwi vizuri na vile viantena vidogo vya ndani vilivyokuwa vinauzwa madukani kwa jina la dijitali. Hakuna kuponi iliyotolewa kwa antena. Huko nako kulikuwa na mahitaji makubwa ambayo hayakuingia kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Nielsen walikadiria nyumba milioni 2.5 zilibaki bila picha siku hizo. Maombi ya kuponi yalifungwa tarehe 31 Julai 2009. Mwishowe kuponi zilizotumika zilikuwa karibu milioni 35, katika zile zaidi ya milioni 60 zilizotumwa. Pigeni hesabu wenyewe: milioni 35 mara dola 40 ni dola bilioni 1.4. Ziada iliyopigiwa kura kwa kelele yote ile, sehemu kubwa yake haikuguswa. Mpango uliotangaza mwezi Januari kwamba mfuko umefika kikomo ulifunga vitabu vyake fedha ikiwa imebaki.

Na huku kwetu? Mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu za Asia yalikuwa yamekubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa kuyalinda matangazo ya analojia. Tanzania haikungoja. Usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilizimiwa analojia, miji mingine ikafuata mwaka 2013. Kuponi hazikuja kwa posta. Mtu alitoka na fedha yake akaenda dukani, na vingi vya ving'amuzi alivyovikuta vilikuwa vya kampuni za kulipia kila mwezi, kwa hiyo swali lililowasha mitaa lilikuwa jingine: nisipolipia, zile chaneli za bure nitaziona? Kenya ilisuasua mahakamani hadi Februari 2015, na analojia ilipozimwa, vituo vikubwa vya Citizen, NTV, KTN na QTV vikatoweka hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya mgogoro kati ya wenye vituo na mamlaka kuhusu nani arushe matangazo yao na king'amuzi cha nani. Mkiwauliza wakubwa wa Nairobi watawaeleza kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jambo moja la kiutendaji kabla hatujaachana. Kama mna mjomba Marekani mwenye roho nzuri, mwambieni asitume king'amuzi cha huko, hata kikiwa kipya ndani ya boksi. Marekani hutumia mfumo wa dijitali uitwao ATSC. Kenya na Tanzania hutumia DVB-T2. Kisanduku chake hakitaelewa hata neno moja la minara yetu, na kama kimetengenezwa kwa umeme wao wa volti 120, kitaungua kabla hakijajaribu. Mkienda likizo kwa bibi mkakuta chaneli zimepotea, msimwite fundi kwanza. Kagueni waya wa antena, angalieni antena inaelekea upande wa mnara, kisha ingieni kwenye menyu mtafute chaneli upya. Hilo likishindikana, muulizeni bibi kwa upole kama mwezi huu amelipia.